Volti za Msibani

Nikisema aibu hii niliiokota njiani nitakuwa naongopa. Niliitafuta mwenyewe, kwa mkono wangu na mita yangu, siku tuliyomzika dada Esta, aliyenilea tangu mama atutoke.

Kazi yangu ni kibarua (ukiishia darasa la saba hawakupi zaidi): kila siku saa saba mchana napima umeme chini ya transfoma ya mwisho wa laini, huku kwetu Ndalambo, kisha natuma namba ofisini kwa simu. Vipimo haviko kila nguzo, alinieleza fundi Frank siku ananikabidhi mita, viko sehemu chache tu, namba zetu zinaingia kwenye kompyuta na kompyuta inakadiria laini nzima ikoje, kwa hiyo mmoja akikosea tumekosea wote.

Nilimwelewa vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Siku ya msiba saa saba ilinikuta nimekaa na wanaume wenzangu, jeneza liko ndani, transfoma iko mwendo wa nusu saa. Nikajiambia umeme ni uleule, nikachomeka mita kwenye waya tuliouvuta kutoka nyumba ya tatu hadi turubaini, waya mwembamba kama uzi wa kushonea, nao umebeba friji la soda, birika mbili za umeme na spika za kwaya, vyote vikiunyonya. Mita ikasema volti mia moja sabini. Nikatuma.

Frank akapiga. "Kaka Lameki, mia moja sabini? Una hakika?"

"Nimepima kwa mkono wangu." (Na ni kweli, sikudanganya hata neno, ndiyo maana hasira hainiishi.)

"Basi laini imeshuka yote. Tunaipandisha."

Wakapandisha, na huku kwetu friji na birika zikachomolewa ili kwaya isikike. Neema, binti wa Esta, alikuwa ameomba jambo moja tu, kwamba mama yake aimbe kabla hajafukiwa, kwa hiyo wakachomeka flashi yenye sauti yake akiongoza wimbo kanisani. Esta akaimba mstari mmoja. Taa ya turubai ikawaka nyeupe kupita kiasi, ikapasuka, amplifaya ikatoa moshi, na kule sokoni mashine ya kusaga nayo ikanyamaza.

Frank alikuja na pikipiki, akapitia kwanza transfoma, kisha akasimama mbele ya waombolezaji wote.

"Kaka, pole na msiba. Pale kwenye transfoma umeme umezidi mno. Ulipimia wapi?"

Nikaonyesha waya kwa kidole.

"Yaani mwanangu," akasema shangazi, "umepima friji la soda ukawaambia nchi nzima inaumwa?"

Watu wakacheka, msibani. Neema hakucheka.

"Mjomba, si ungewaambia tu uko msibani? Wangekuelewa."

Kwaya ikaimba bila spika, tukamzika. Flashi iliungua, na sauti ile haikuwa kwingine kokote. Ninayo mfukoni mpaka leo, sijui ya nini.

Siku hizi natuma hivi: mia mbili ishirini na nane, nimepimia chini ya transfoma, nimesimama hapa hapa. Frank ananiambia namba peke yake inatosha. Haitoshi. Na siku nisiyoweza kwenda naandika neno moja: sijafika.