Aliyejibu "Nipo" Kwenye Kilima cha Tumbo Juu

Nilikuwa peke yangu kwenye pikipiki.

Narudia, maana najua kuna watu wanasoma huku wanatafuna: peke yangu. Kiti cha nyuma hakina abiria, hakina mzigo, hakina hata mfuko wa sukari.

Nikapanda kilima, nikaruka, nikatua. Kwa mazoea tu nikauliza, "Upo?"

Nyuma ya sikio langu, mtu akajibu, "Nipo."

Mchana kweupe, jua la utosi.

Tulieni sasa niwaeleze. Na wewe uliyeanza kuandika kule chini kwamba nilikuwa nimevuta kitu, futa. Mimi sivuti. Hata pombe sinywi, tumbo langu haliitaki.

Mimi ni mtu wa bodaboda. Kijiweni wananiita Breki, na si kwa kunisifu. Nikiona tuta, nashika breki. Nikiona kivuli cha tuta, nashika breki. Nikiona mbuzi kasimama kule mbali anafikiria kuvuka, nashika breki. Wenzangu walinicheka mpaka wakachoka, jina likabaki.

Pale kijiweni kwetu kuna sheria moja. Siku moja mwenzetu alimbeba bibi mmoja mwembamba kutoka sokoni. Akapita matuta kwa mbwembwe, akafika, akasema, "Bibi, tumefika."

Kimya.

Kugeuka, hakuna bibi. Bibi alibaki kwenye tuta la kwanza, amekaa kando ya barabara, anamlaani yeye na ukoo wake mzima.

Tulicheka tukashika mbavu. Mwenyekiti wa kijiwe hakucheka. Akasema kuanzia leo, ukivuka tuta au kilima na abiria, uliza "Upo?" Abiria ajibu "Nipo." Usiposikia "Nipo," simama hapo hapo.

Abiria wetu wote wakaizoea, hadi watoto wa shule. Nasi ikatuingia mpaka mdomo ukawa unauliza wenyewe, kama mtu anavyosema "samahani" akimkanyaga mwenzake.

Swahiba wangu pale alikuwa Manyoya. Mwembamba, mcheshi, mdomo hauna pazia. Tulimwita Manyoya kwa sababu aliipenda hewa kuliko barabara.

Barabara ya kwenda machimbo ya kokoto ina kilima kifupi, kikali. Watu wanakiita Tumbo Juu. Ukikipanda kwa kasi, pale kileleni matairi yote mawili yanaachana na ardhi. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, tumbo linapanda hadi kifuani. Kwa muda ule mfupi huna njaa, huna shida, huna mwenye nyumba. Halafu unatua, na mgongo unakukumbusha umri wako.

Ubaya wake ni mmoja tu. Ukiwa unapanda, ng'ambo huoni kitu. Unaruka kwa imani.

"Breki," Manyoya alizoea kuniambia, "wewe utakufa hujaishi."

"Na wewe utakufa."

"Ndiyo, lakini nitakuwa nimeshapaa!"

Pikipiki yake ikiharibika alipanda nyuma yangu. Nikishika breki ananizaba kofi la helmeti. Nikimuuliza "Upo?" anajibu "Niiipo!" kwa kuvuta, kama mtoto anayeitwa jina darasani.

Siku aliyokufa nilikuwa namfuata nyuma. Alikipanda Tumbo Juu akiimba. Nikasikia injini ikilia hewani, ule mlio wa tairi linalozunguka bila kugusa kitu.

Halafu kishindo.

Ng'ambo kulikuwa na tipa la kokoto limekatika ekseli katikati ya barabara. Dereva alikwenda kutafuta fundi, na hakuweka hata tawi moja la kuonya watu.

Mimi nilisimama kileleni. Breki zangu ziliniokoa, na nilizichukia kweli kweli hizo breki. Tulimzika. Nilimtupia udongo kwa mkono wangu mwenyewe, nikarudi kazini, nikawa mtu wa kuitikia tu. Chakula kikawa hakina ladha.

Sasa, siku niliyoanza nayo hadithi hii. Nilikuwa natoka machimboni bila abiria. Nilipokiona kilima, sijui kilichonipata. Mkono haukwenda kwenye breki. Ulivuta mafuta.

Nikaruka, mimi Breki.

"Upo?"

"Niiipo."

Nywele zilinisimama ndani ya helmeti. Nikasimamisha pikipiki, nikageuka. Barabara tupu, vumbi langu mwenyewe linashuka taratibu. Lakini nyuma pikipiki ilikuwa nzito, imekaa chini, vile inavyokaa ukibeba mtu.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi niligeuza, nikarudi nikaruka tena.

Basi ikawa kazi. Kila mchana, wenzangu wakienda kula, mimi naenda Tumbo Juu. Naruka, namuuliza, ananijibu. Narudi namsimulia habari za kijiweni, nani kagombana na askari, nani kaachwa na mke. Maneno mengi hakuwa nayo. Nikimuuliza "Upo?" anasema "Nipo," basi. Lakini jamani, kwa mtu uliyemfukia mwenyewe, neno hilo moja linashibisha.

Kasi ikawa inapanda siku hadi siku. Raha ile naijua sasa, msinidanganye.

Fundi wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kushtuka. Aliinama nyuma ya pikipiki, akatikisa kichwa.

"Breki, shokapu zimekwisha zote mbili. Unabeba nini?"

"Abiria tu, fundi."

"Abiria gani huyo asiyeshuka?"

Nikacheka, lakini sikumtazama usoni.

Wa pili akawa mke wangu. Yeye ni fundi cherehani, anashonea pale pale chumba cha mbele, na kwa fundi cherehani hakuna habari isiyopita. Nilimkuta ameacha cherehani, amekaa ananisubiri, mkasi mkononi.

"Mume wangu, una mtu."

"Mtu gani?"

"Huyo unayekwenda kwake kila mchana. Wateja wangu wamekuona njiani, unacheka, unaongea. Lisemwalo lipo."

"Hakuna mwanamke yeyote."

"Nimesema mwanamke? Umesema wewe."

Nikaona bora nimwambie ukweli, nikamwambia wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupepesa.

"Sawa," akasema. "Kesho mchana nipeleke Tumbo Juu. Nikamwone huyo mwenzangu."

Ningekataa. Lakini niwaambie kitu kitakachowashangaza, nilifurahi. Nilitaka na yeye amsikie. Kubeba siri kama ile peke yako ni mzigo, na huyu alikuwa mke wangu, angeniambia kama nina wazimu au sina.

Kesho yake akajifunga kanga kiunoni, akapanda, akanikumbatia. Tulipofika chini ya kilima nikamwambia, "Shika vizuri."

"Polepole, baba."

"Polepole hatumsikii."

Nikavuta mafuta. Nikasikia mikono yake ikinibana. "We! Punguza! Nimesema punguza!"

Tukapaa.

Tukatua vibaya, tairi la nyuma likagonga, pikipiki ikayumba, nikaidhibiti. Moyo unadunda kwa raha.

"Upo?"

"Nipo."

Ah, nikashusha pumzi. Nikaendelea kushuka na barabara, mikono iko kiunoni kwangu, imenishika imara.

"Umemsikia?" nikamuuliza.

"Nipo."

"Nauliza umemsikia?"

"Nipo."

Nikajua amenuna. Mke wangu akinuna hujibu neno moja moja. Nikaanza kumbembeleza, nikamsimulia vituko vya Manyoya, nikacheka mwenyewe. Hivyo hivyo hadi pale wanapooshea magari, karibu na njia panda.

Muosha magari akaniangalia, ndoo mkononi.

"Breki, leo unaongea na nani?"

"Na shemeji yako. Humsalimii?"

Akachungulia nyuma yangu. Ndoo ikamtoka.

"Shemeji yupi?"

Hapo ndipo nikasikia mikono ikiniachia kiuno. Mmoja. Halafu mwingine.

Nikageuka. Kiti kitupu.

Sijui niligeuzaje ile pikipiki. Njia nzima nilikuwa napiga kelele kama kichaa, naliita jina la mke wangu. Nilimkuta mtaroni, chini ya Tumbo Juu, wanawake wanaoponda kokoto wamemzunguka, mmoja amempakata kichwa. Damu kwenye paji la uso. Mkono wa kulia umepinda mahali pasipo na kiwiko.

"Mwanaume mzima!" yule mama akanifokea. "Unamdondosha mkeo kama gunia, wala hugeuki nyuma! Una moyo wewe?"

Nilipiga magoti nikamshika mguu mke wangu, nikalia mbele za watu.

Hospitali wakamfunga plasta. Mkono wa kulia, mkono wa mkasi, mkono uliolisha nyumba yetu nilipokuwa sina kazi. Wageni wa vitanda vya jirani wakaanza kuaga. Nikadhani hatasema nami tena maishani.

Akasema, "Nilikujibu."

"Nini?"

"Ulipouliza 'Upo?' nilikusikia. Nilikuwa tayari chini. Nikapiga kelele, 'Sipo! Sipo, mume wangu, nimeanguka!'"

"Mimi nilisikia..."

"Najua ulichosikia. Nilimwona aliyekujibu."

Nikasogeza kiti karibu na kitanda.

"Niliinua kichwa," akasema, macho yake kwenye dari, "nikijua nitaona kiti kitupu. Hakikuwa kitupu. Mtu alikuwa amekaa mahali pangu. Mwembamba. Amekukumbatia kiuno kama mimi nilivyokuwa nimekukumbatia."

"Manyoya," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na furaha kidogo. Alinitazama kwa uchungu ambao sitausahau.

"Manyoya nilimpakulia chakula mara ngapi? Angeniona mtaroni angeruka hata kama pikipiki iko mbio. Huyu aligeuka, akanitazama ninavyotokwa damu. Kisha akageukia mbele. Akakulalia mgongoni."

Nikapeleka mkono mgongoni kwangu.

"Na mwanamke mwenzangu mimi ningepambana," akasema. "Na huyo siwezi. Kwa hiyo chagua. Siku nikitoka hapa, atakayerudi nyumbani kwako ni mmoja."

Sikulala. Kesho yake mchana nikaenda Tumbo Juu kwa mara ya mwisho.

Safari hii nilikwenda kama Breki. Gia ya kwanza, vidole kwenye breki, polepole mpaka mwanamke aliyebeba ndoo kichwani akanipita. Nikafika kileleni, matairi yote chini. Nikaanza kushuka.

Mdomo ulitaka kuuliza. Niliuma ulimi. Nyuma pikipiki ilikuwa nzito, nzito kuliko siku zote, na shingoni nilisikia baridi.

Nikajisemea, usiulize. Usipouliza, hana cha kujibu. Utakuwa umemaliza.

Ndipo nyuma ya sikio langu, taratibu, mtu akauliza:

"Upo?"

Jamani.

Safari hii yeye ndiye aliyekuwa ananiuliza mimi.

Sauti ilikuwa ya Manyoya. Mke wangu aseme atakalo, masikio yangu yalisikia Manyoya. Kama umewahi kuzika mtu unayempenda, unajua nilivyotaka kujibu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikafumba mdomo. Nikamkumbuka mwanamke aliyelala na mkono wa plasta, niliyemwacha mtaroni huku nikicheka na mtu mwingine.

"Upo?"

Sasa ilikuwa mbali kidogo, kama ya mtu aliyedondoka njiani anamwita dereva wake.

"Breki... upo?"

Hiyo ilitoka kule juu kileleni. Sikujibu, na sikugeuka. Nililia ndani ya helmeti mpaka kioo kikaingia ukungu. Na pale chini, karibu na mtaro, nikatambua nyuma ya pikipiki imeshainuka yenyewe, imekuwa nyepesi.

Nikaenda moja kwa moja hospitali, vumbi na machozi vimeshikana usoni. Mke wangu akanikagua kutoka juu hadi chini.

"Umemjibu?"

"Sijamjibu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Na aliniita kwa jina."

Kisha kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akasogeza shuka, akanipa nafasi kitandani.

"Kaa basi," akasema. "Umechoka."

Mkono wake uliunga. Umepinda kidogo, na kukata kitambaa kunamchukua muda kuliko zamani, lakini anakata. Mimi bado naendesha. Machimboni napita njia ya kuzunguka, na mteja asiyetaka kuzunguka namwachia mwenzangu.

Ninachowaambia ni hiki. Marehemu anaombewa, habebwi. Ukimbeba, atakaa mahali pa mtu aliye hai, na aliye hai ndiye atakayedondoka.

Na nyinyi wapenda kuruka, raha ya kule juu ipo, siwezi kuwadanganya kwamba haipo. Lakini ng'ambo huioni, na aliye nyuma yako pia humwoni. Ukishatua, usitosheke na sauti. Simama, geuka, umtazame usoni.

Maana "nipo" hata asiyekuwepo anaweza kuisema.