Mtutu wa Pampu ya Baiskeli

Bastola niliyoivunja haikuwa ya kuua mtu. Ilikuwa ya kuanzishia mbio, ile inayolia kwa baruti tupu bila risasi, na shuleni kwetu karibu na Asembo Bay iliachwa na mwalimu wa kujitolea aliyetoka ng'ambo na baadaye akarudi kwao. Shule nyingine zilianzisha mbio kwa kugonganisha mbao mbili. Sisi tulikuwa na bastola, na mwenye kuishika nilikuwa mimi, mwalimu wa michezo, kijana wa miaka ya themanini mwenye nywele nyingi kuliko akili.

Nilikuwa na tabia ya kuizungusha kidoleni mbele ya dirisha la chumba cha walimu, nikijitazama kwenye kioo, kama nilivyoona katika zile sinema za bure zilizoletwa sokoni na gari la kuuza sabuni. Wiki ya mashindano ya shule za jirani, ikanichomoka. Iligonga ngazi ya saruji na mtutu wake ukakatika kama muwa. Niliokota vipande viwili nikavitazama kwa muda mrefu, kana kwamba vingeoneana huruma na kurudiana.

Sasa, ukweli ambao ningepaswa kuuzingatia ni huu: bastola ya namna ile haihitaji mtutu. Mlio wote unatoka kwenye kile kiduara kinachobeba baruti na kuzunguka. Niliijaribu nyuma ya choo, ikalia vizuri, kuku wakatawanyika. Mwalimu wa darasa la tatu, mama wa makamo aliyekuwa akinionea huruma tangu siku niliyoripoti shuleni hapo, alitoka kutazama.

"Mwalimu, si inalia?" akasema. "Wacha hivyo. Watoto wanakimbia na masikio, hawakimbii na mtutu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Niliona aibu kusimama mbele ya walimu wakuu wote wa eneo letu nikiwa nimeinua kitu kifupi kilichofanana na kitasa cha mlango. Isitoshe, Jumamosi iliyofuata mashindano nilikuwa niende kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa, na yule yule mwalimu wa darasa la tatu ndiye aliyekuwa jagam wangu, yaani mshenga. Nilijua habari za uwanjani zingefika kwa wakwe kabla yangu. Nilitaka zifike zikiwa zimevaa vizuri.

Basi nikaenda Kisumu kutafuta gundi, ile ya mirija miwili inayochanganywa. Mtutu wenyewe niliutoa kwenye baiskeli yangu: pampu iliyokuwa imekufa, bomba zuri jembamba la chuma. Nilitoa matumbo yake yote, nikakata kwa msumeno, nikapiga tupa, nikapaka rangi nyeusi ya viatu. Fundi mwenye busara angekata urefu wa kidole. Mimi nilikata zaidi ya shibiri, kwa sababu nilipoupunguza moyo uliniuma. Nilipomaliza kuugandisha, nilikuwa na kitu kisicho bastola wala bunduki, nami nikakipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake hata akiwa na masikio makubwa.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimekwisha kusema zangu zilikuwa kichwani kwa nje.

Siku ya mashindano nilipanda juu ya kiti mahali pa kuanzia mita mia. Wasichana wanane waliinama kwenye mstari. Nyuma yangu, kando ya uwanja, kina mama wauza samaki walikuwa wamepanga makarai yao. Niliinua mkono, nikapaza sauti, "Kaeni tayari!" na hapo, kwa pembe ya jicho, nikamwona mama wa mchumba wangu. Alikuwa ameketi na karai la ngege, wale samaki wa ziwani, wa kukaanga, akinitazama.

Asiyetoka kwetu hawezi kuelewa nilivyokufa ganzi. Mama mkwe humkodolei macho. Ukikutana naye njiani, unampisha. Jikoni kwake huingii hata nyumba ikiungua; utapiga kelele ukiwa nje. Nami sikuwa mkwe bado, nilikuwa mwombaji, kwa hiyo nilitakiwa kuwa na adabu mara mbili. Nikafanya alivyofanya baba yangu na babu yangu: nikageuza uso upande wa pili. Mwili ukafuata uso, na mkono, kwa kuwa umefungwa begani, ukaegemea nyuma. Sikuona unakoelekea. Nikavuta.

Mlio ulikuwa mzuri ajabu. Wasichana walichomoka. Na mtutu wangu nao ukachomoka, ukapita juu ya vichwa vya watu ukizunguka polepole, ukaenda kuchomeka katikati ya wale ngege.

Mbio zilikwisha bila mtu kujua nani alishinda, maana macho yote yalikuwa kwenye karai. Mama aliinuka. Aliuchomoa ule mtutu kwa vidole viwili, akaukung'uta mafuta, akauangalia ndani kutoka upande huu, kisha upande ule.

Nilitaka kwenda kuomba radhi na sikuweza kupiga hatua. Kumkaribia ilikuwa kosa, kubaki nilipo ilikuwa kosa, na juu ya kiti nilionekana na uwanja mzima. Jagam wangu ndiye aliyekwenda. Niliwaona wakinong'ona. Alirudi mikono mitupu.

"Anasema ameiona," akaniambia.

"Ameiona nini? Na mtutu wangu?"

"Amesema tu ameiona. Mwalimu, endelea na mbio."

Niliendelea. Nilianzisha mbio zote za siku ile kwa bastola isiyo na mtutu, na mlio wake haukupungua hata chembe.

Siku zilizobaki sikulala wala kula vizuri. Nilimpenda yule msichana. Sitalifanyia hilo mzaha. Yeye mwenyewe alinitumia ujumbe kuwa nisiache kuja, lakini hakusema nitakuta nini, na nilijihesabu kuwa mtu aliyekwenda kuomba mke akatanguliza silaha.

Jumamosi tuliketi sebuleni kwa wakwe. Baba mkwe, mzee mpole, alikohoa akaanza.

"Kwetu hapa, mtu akitaka msichana analeta ng'ombe. Wewe, Mwalimu, ulianza na bunduki."

Afadhali ningenyamaza. Badala yake nikaeleza kuwa haikuwa bunduki, ilikuwa pampu ya baiskeli.

"Kwa hivyo saa hii baiskeli yako haina pampu?" mzee mwingine akauliza. "Na tairi ikiisha pumzi, mtoto wetu atembee?"

Watu walicheka. Jagam alikuwa ameingia jikoni kwa mama. Aliporudi alisimama mlangoni, na kicheko kikaisha.

"Mama anasema hivi. Yeye alikuwa anaangalia uso, si bunduki. Huyu mtu aliogopa kumwangalia mpaka akakosa kujua mkono wake uko wapi. Anasema mtu kama huyo hawezi kuwa na dharau. Akili atafundishwa."

Hivyo ndivyo nilivyopata mke. Mtutu sikurudishiwa. Mwanzoni niliulizia kupitia kwa mke wangu, nikajibiwa uko salama. Baadaye nikawa naulizia kwa utani, kila tulipokwenda kusalimia, na kutoka jikoni ningesikia mama akicheka. Kwa miaka kumi na zaidi nilikula kwake ugali na ngege sebuleni, na hatukuwahi kuketi chumba kimoja tukaongea ana kwa ana. Nilimpenda kupitia ukutani.

Alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini. Baada ya mazishi, mke wangu na dada zake walibaki kuweka nyumba sawa, nami nikasimama nje, mahali anaposimama mkwe. Mke wangu akatoka jikoni na kitu mkononi.

"Bunduki yako hii," akasema.

Lilikuwa bomba jeusi la masizi, na upande mmoja umeliwa na moto. Upande wa pili, urefu wa kucha, chuma kilikuwa cheupe kinang'aa, pale midomo ya mama ilipokuwa ikishika. Alikuwa akilitumia kupulizia moto. Kila samaki niliyemla katika nyumba ile alipikwa kwa mtutu wangu.

Nilitafuta utani wa kusema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuupata, nikalia mbele ya watu, mwalimu mzima.

Nilinyoosha mkono nilichukue. Mke wangu alilirudisha nyuma.

"Alisema wewe usipewe. Utalivunja."

Akarudi ndani. Kulikuwa na chai ya kuwapikia wageni na kuni zilikuwa mbichi. Nilibaki pale nje, nikamsikia akipuliza.