Dentifrice ya marraine, na pardon yenye banataka niombe

Admin wa groupe, jina yangu ubakie nayo weye, juu hapa Ruashi bantu bananijua. Niko mwanamuke wa myaka makumi mbili na tatu, niko na bwana, na mutoto mumoja mwanamuke, anaingia mu myaka tatu. Masomo naliachia ku primaire, munivumilie.

Munajua mambo ya kwetu: marraine wa ndoa njo mama ya nyumba yenu. Mukigombana na bwana, kwake njo munaenda. Wa kwetu eko mama wa heshima, anauzisha bitu bya batoto ku soko. Mutoto yangu alipoota meno, alimuletea dentifrice ya fraise, dawa ya meno yenye utamu wa tunda. Ku étiquette, ile karatasi ya kubandika ku tube, picha ya sungura, na maandiko: bila fluor, mutoto hata akimeza haina shida. Nalifurahi! Nalikuwa najaza brosse yake ya meno kabisa, mutoto anakula sawa bonbon. Siku moja nikiwa nafula nguo, alibeba tube, akakula karibu nusu. Alianza kutapika, anashika tumbo: "Mama, fraise inaniluma."

Nalimupeleka ku centre de santé kutunzwa; infirmière alisema nilete tube. Ilikuwa imelowa maji ya kufulia, étiquette inabanduka. Infirmière aliivuta. Chini yake: dentifrice ya bantu bakubwa, fluor 1450 ppm. Alinielezea polepole: fluor inalinda meno, lakini mutoto wa kimo hii munamupakia kidogo sana, sawa punje ya muchele. Akizoea kumeza mingi, meno yenye ingali ndani ya fizi inaweza kutoka na madoa meupe. Namushukuru Mungu, mutoto alipona.

Nalienda kwa marraine, kwake nyumbani, na heshima yote. "Marraine, hii étiquette nani aliibandika?"

Hakukataa hata! "Ma fille, bamama banapenda picha. Mi nabapatia picha. Dentifrice ni dentifrice."

"Na ile ya kusema bila fluor?"

Alicheka. "Weye wa primaire, tangu lini ulikuwa chimiste wa madawa? Enda ufundishe mutoto yako kutema!"

Ile kicheko njo ilinifungula kinywa. Naliambia bamama tunaishi nabo mu parcelle, kisha bamama ba chorale. Benye balikuwa na tube ya sungura balivuta étiquette mbele yangu. Chini, namba ni ile ile.

Sasa bwana yangu amekasirika. "Marraine alitusimamia ku ndoa, weye unamuvua nguo ku église?"

Nalimujibu: "Papa, nani alitapika, marraine ao mutoto yako?"

Alivaa bilatu, akatoka. Lakini familia ya bwana ilisha kupanga: dimanche, siku ya église, niende kwa marraine na casier ya sucré, kreti nzima ya soda, nipige magoti, niseme nalidanganya. Bila vile, marraine anaachana na ndoa yetu. Na mi, nikikosana na bwana juu ya marraine, nitaenda kushitaki kwa marraine gani?

Bandugu, magoti nitapiga, ni mukubwa yangu. Kusema nalidanganya, hapana, hata banifukuze. Mutoto yangu sasa anajua kutema, anatema mupaka ku miguu ya baba yake, anacheka. Ile meno ingali inajificha mu fizi, nina tumaini itatoka mizuri. Lakini kama itatoka na madoa, siku moja ataniuliza, na sitaki kumujibu ya kwamba naliuzisha kinywa yangu na casier ya sucré.

Dimanche nitaenda. Sucré nitabeba. Tube nitabeba pia, mu sacoche yangu ya mukono, na étiquette yake inaninginia. Munishauri tu hii moja: nikifika mbele ya familia yote, nitoe kipi ya kwanza?