Debe Tupu la Mwalimu Mbonea

"Hili ni debe tupu," alisema Mwalimu Mbonea akinigonga kichwani, darasa zima likacheka. Aliuliza hesabu kwa Kiswahili, nami sikumwelewa. Nilirudi nyumbani nikikitikisa kichwa, nisikie kama kitavuma. Hakikuvuma.

Alasiri ile ile babu, mikono ikinuka tangawizi, alinituma kutangaza zamu za maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Nyumba kumi na moja, sikukosea hata moja. Ila shuleni sikurudi tena.

Juzi, huko Same, mwalimu wa mjukuu wangu alimrudia swali kwa Chasu, lugha yetu Wapare. Mtoto akajibu. Nikashusha pumzi: kumbe akili nilikuwa nazo.

Mwalimu Mbonea, kanisani bado unakaa benchi la mbele. Nijibu: wewe Mpare mwenzangu, kwa nini hukuniuliza kwa Chasu?