Moshi wa Jikoni kwa Mama

Mama yangu alikuwa akinuka moshi. Simsengenyi, ndivyo nilivyomjua. Hata Jumapili, akiwa ndani ya sare ya akina mama wa kanisa iliyofuliwa na kupigwa pasi, ukimkumbatia ulikutana na moshi wa kuni shingoni mwake. Nilipokuwa shule ya bweni, nikifungua sanduku langu la bati harufu ile ilinifikia kabla sijaona alichonifungia, na mara nyingi nililia kwanza ndipo nikala.

Jiko lake, kule milimani Kilungu, lilikuwa kibanda cha udongo chenye mafiga matatu. Juu ya mafiga kulikuwa na dari la vijiti lililopakwa masizi na moshi wa miaka mingi hadi likang'aa. Hapo ndipo mbegu zilipokaa: mahindi ya Kikamba, magunzi mafupi mafupi yenye punje zake, yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yake yenyewe. Mbegu hiyo mama alipewa na mama yake, naye alipewa na wake. Ilikuwa inaiva upesi, kabla mvua haijatukimbia, na kwetu mvua hukimbia. Kuigusa ilikuwa marufuku. Nakumbuka mwaka mmoja wa njaa tulikunywa uji mwepesi wiki nzima, magunzi yakining'inia juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyethubutu kuyatazama mara mbili.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwamba bapa, na huo ndio uliokuwa kikaushio chetu. Mama alianika majani ya kunde na vipande vya maembe, kisha mimi na dada yangu mkubwa tukawekwa walinzi dhidi ya kuku na mbuzi. Dada alikuwa mlinzi wa kweli, na fimbo yake. Mimi niliyalinda maembe kwa kuyala. Wingu likitokea tulikimbia kuokota kila kitu, tukikanyagana, na majani yale tukiyala miezi mitatu baadaye bado yalikuwa na mchanga unaolia kwenye meno.

Pengine ni mchanga ule ulionifanya niwe nilivyo leo. Nilipopata nafasi ya kufunzwa pamoja na akina mama wengine wa Makueni, nilijifunza kutengeneza kikaushio cha sola: sanduku la mbao, trei za wavu, karatasi ya nailoni juu, hewa ikiingia chini na kutokea juu. Embe linatoka safi, la manjano, na mbuzi anabaki kutazama. Nikajifunza pia kujenga jiko la udongo na matofali, lenye bomba la kutoa moshi nje ya paa, linalokula kuni kidogo. Nikawa fundi wa kuitwa huku na huku, na nikapanda kichwa, nakiri. Krismasi moja nilimtembelea dada yangu, aliyeolewa Kitui, nikasimama mlangoni mwa jiko lake nikamwambia mbele ya mashemeji zake kwamba anaishi kama nyanya yetu. Nilijitolea kumjengea jiko siku ileile. Alinijibu kwamba jiko lake halijalalamika. Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana kwa simu tu, salamu fupi.

Kwa mama mambo yalikuwa tofauti. Alikuwa akikohoa. Macho yalimwasha hadi akaacha kusoma Biblia mwenyewe, akawa anasomewa, na kwenye kwaya alisimama nyuma akisogeza midomo tu. Nesi wa zahanati alimwambia wazi kuwa ni moshi. Kwa hiyo nikamjengea jiko. Lilikuwa jiko langu bora kuliko yote, mtu angeweza kujitazama kwenye mlango wake wa bati. Mama alikubali kwa sharti moja, kwamba dari lisiguswe, mbegu zikae palepale zilipokaa siku zote. Nikasema hilo ni jambo dogo. Nikatoa mafiga matatu nje, nikayapanga kando ya banda la kuku.

Kikohozi kilipungua, kisha kikaisha. Kufikia mwezi wa nane mama alikuwa anaimba mstari wa mbele. Nilikuwa nimekaa kanisani nikimsikia, na sikuwahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama siku hiyo.

Mwezi wa kumi aliniita. Kwetu watu hupanda kwenye vumbi, kabla ya mvua ya vuli, ili tone la kwanza likute mbegu chini. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kanga imetandazwa mbele yake, ameshusha magunzi yote. Aliokota moja akalitikisa. Ukatoka unga. Punje zilikuwa na matundu, nyingine maganda matupu, na fukusi walikuwa wanatembea juu ya kanga bila haraka yoyote. Alitikisa la pili, la tatu. Niliingiza mkono kwenye rundo nikitafuta hata gunzi moja zima, sikupata.

Mimi, fundi, niliyeweza kueleza hewa inavyopanda ndani ya bomba, sikuwahi kujiuliza moshi ule ulikuwa ukifanya kazi gani juu ya dari. Kila mwanamke wa hapa anajua. Mimi mwenyewe nilijua tangu utotoni, ila nilikuwa nimejifunza mambo mapya mengi mno hata nikalisahau la zamani.

Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Moshi ulikuwa unanitoa machozi," alisema, "lakini ulikuwa unanichungia mbegu."

Nilimwambia nitamnunulia mbegu ya dukani, ile nzuri. Akaniuliza kama dukani wanauza ya mama yake.

Mbegu ile ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani. Dada alipoolewa, mama alimfungia magunzi kadhaa aende nayo Kitui, na dada hakuacha kuyapanda. Nilijua yako wapi: juu ya mafiga yale niliyoyacheka. Sikuweza kumpigia simu. Nilifunga safari.

Dada hakuniuliza nimefuata nini, mama alikuwa ameshamwambia. Alinionyesha kigoda, upande ule unakoelekea moshi, akanipakulia isyo na kuketi upande wenye hewa. Nilikula mchanganyiko huo wa mahindi na maharagwe, machozi yakinitiririka. Yeye alinitazama kwa raha zake zote. Nilipomaliza bakuli nilimwomba msamaha, na sitaki kudanganya kwamba machozi yale yote yalikuwa ya moshi. Alipanda juu ya kigoda, akapapasa darini, akaniwekea magunzi kumi na mawili mapajani. Kisha akakohoa. Alikohoa kama mama, akijishika kifua, na kicheko kikatushika sote wawili.

Alisema nimjengee jiko, lakini mafiga nisiyaguse. Siku hizi ndivyo ninavyojenga kila mahali. Jiko la bomba ni la kupikia, na mafiga yanahamia kwenye kibanda kidogo pembeni, chini ya dari la mbegu, moto ukiwashwa humo mara moja moja bila mtu kukaa ndani.

Mama alipopokea magunzi hakuyatazama kwanza. Aliyapeleka puani. Alikaa hivyo kwa muda, macho amefumba, kisha akanipa moja nami nikanusa, nikamkumbuka yeye mwenyewe alivyokuwa, ilhali ameketi mbele yangu, amenawiri, ananuka sabuni. Niliumia na nilifurahi, vyote pamoja.

Tulipanda magunzi kumi na moja, mvua ikaja siku ya nne. La kumi na mbili alilitundika kwenye msumari, juu ya jiko jipya.

Nilimwambia hapo hapafiki moshi, litaliwa na fukusi.

"Hilo si la kupanda," alisema.

Bado liko pale, limeanza kutoboka. Kila nikienda kwake naingia jikoni kwanza, nainama, nanusa. Harufu imebaki kidogo sana.