Kinyozi Asiyemaliza Wimbo

Yule kinyozi wateja walimpachika jina la Rukaruka, na jina likamkaa kama shati la kushonewa. Mkono wa kulia ulishika mashine ya kunyolea, wa kushoto haukubanduka kwenye simu. Wimbo ukianza, besi ikiingia na ngoma zikikolea, keshauruka. Alidai kwamba ukishajua mdundo unaelekea wapi, kilichobaki ni porojo. Moyoni alijua sivyo. Wimbo ukifika katikati, kitu kilimwasha kifuani, kana kwamba mahali fulani kuna mtamu zaidi unaopigwa bila yeye.

Mkewe, muuguzi wa wodi ya wazazi, alirekodi wimbo na wenzake wa kazini, akamtumia. Jioni akamuuliza ameuonaje. Kinyozi akausifu mpaka akapitiliza: ala zimepangika, sauti zimeshikana, mwanzo mwisho hauna kasoro.

"Na yule anayeimba peke yake mwishoni, umemtambua?"

Akababaika, akabahatisha kuwa ni matroni wao.

"Ni mimi, baba watoto," mkewe alisema, akaendelea kukunja nguo. Hakununa wala hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma.

Asubuhi, mwalimu mmoja akiwa kitini, kanyolewa nusu kichwa, uzalendo ukamshinda kinyozi. Akazima mashine, akamwomba mwalimu amvumilie dakika saba, akaufungulia ule wimbo na kuiweka simu mbali naye, juu ya kabati. Dakika ya pili mguu ulianza kumcheza. Ya nne akaenda mlangoni, akarudi, akafagia nywele alizokwisha kuzifagia.

"Tulia, mzee," mwalimu akamwambia kupitia kioo. "Wimbo haukukimbii."

Kisha ala zikanyamaza, akamsikia mkewe akivuta pumzi. Akaingia nyuma kidogo ya mdundo, akaiburuta sauti, akaiachia pale ambapo yeye, mjuzi wa midundo, hakupategemea. Miaka kumi na moja ya ndoa, hakuwahi kuisikia sauti ile.

Jioni alimwambia mkewe kwamba alichelewa kuingia kwenye mdundo. Mkewe akacheka, akakiri aliogopa mpaka pumzi ikampotea.

"Basi siku nyingine uogope tena," kinyozi akasema.

Akamtaka aimbe palepale. Mkewe akamwambia asubiri kwanza apige pasi sare ya zamu. Kinyozi akakaa kitandani, akasimama, akakaa tena, akaona pasi haiendi.