Shati Jeupe la Ushuhuda

Mbinguni nitafika, hilo sina wasiwasi nalo. Aibu niliyoipata ni ya hapahapa Mingoyo.

Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, nilifungua duka nikawa nauza sabuni ya unga ya kutoka ng'ambo. Mwaka huohuo nikaokoka, nikaacha uraka, ile pombe yetu ya mabibo, matunda ya mkorosho. Basi Jumapili ya kuchagua wazee wa kanisa, mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda. Nami siku hizo kunyamaza nilikuwa sijui.

Lakini niseme kweli. Ijumaa nilikuwa nimepita kwa Mama Fidea, anayetengeneza uraka, kumsalimu tu. Nikaegemea tenga lake la mabibo, nikaonja kata moja. Haya, mbili. Jumamosi shati nililokuwa nimevaa nikalifua mwenyewe kwa sabuni yangu. Likiwa bado na maji niliona jeupe pe, nikalianika juani. Jumapili nikalivaa harakaharaka na koti juu yake.

Kanisani nikalivua koti. "Bwana amenitakasa, kama sabuni yangu ilivyolitakasa shati hili! Nitazameni mbele na nyuma!"

Nikageuka polepole, mikono juu. Kwaya ikaanza kucheka. Nikadhani ni furaha ya Roho, nikageuka tena.

Ndipo Mama Fidea, aliyekaa benchi la mbele, akasema kwa huruma: "Baba Neema, doa la bibo halitoki kwa sabuni. Si nilikwambia juzi usiegemee tenga langu?"